Steroidi Mbili kwa Utumbo Mmoja

Kila siku maji yapatayo lita moja na nusu huingia kwenye utumbo mpana, na yanayotoka chooni hayajazi hata glasi. Mengine yote yamefyonzwa. Utumbo hauyavuti maji yenyewe. Huvuta chumvi, na maji huifuata chumvi. Chumvi isipopita, maji hubaki, na mtu huhara.

Hivyo ndivyo ilivyo katika ugonjwa wa utumbo mpana uitwao kolaitisi ya hadubini. Daktari akipitisha kamera, ukuta wa utumbo huonekana laini, hauna kidonda wala damu, na mgonjwa huambiwa yuko salama. Kinyama kidogo kikikatwa na kuwekwa chini ya hadubini, habari hubadilika. Wengine wana askari wa kinga waliojipenyeza, zaidi ya 20 kwa kila seli 100 za ukuta. Wengine wana utando wa kolajeni uliozidi unene wa mikromita 10. Anayeugua mara nyingi zaidi ni mwanamke aliyevuka miaka 50: choo cha maji matupu, hata usiku wa manane, wiki hadi wiki.

Ukienda duka la dawa pale Kaloleni, Arusha, ukasema unahara, huenda ukatoka na Flagyl. Si ajabu, amiba na giardia tunaishi nazo. Lakini muuzaji akiuliza dawa nyingine unazomeza, huenda akasikia diklofenaki ya magoti na omeprazo ya tumbo. Zote mbili zimehusishwa na ugonjwa huu, na wako wanaopona kwa kuziacha tu, kwa ushauri wa daktari. Swali hilo halina gharama, nalo hulisikii mara nyingi.

Wasiopona hivyo, na ambao loperamidi ya kuzuia kuhara haikuwatosha, hufikia steroidi. Tezi zilizo juu ya figo hutengeneza homoni iitwayo kotisoli. Steroidi za vidonge ni ndugu zake. Huingia ndani ya seli hadi kwenye kiini na kuzima amri za kutengeneza kemikali zinazowaita askari wa kinga. Askari hupungua, chumvi hupita tena. Shida ni kwamba karibu kila seli ya mwili inaisikia steroidi: mfupa hupoteza kalsiamu, sukari na presha hupanda, usingizi huruka.

Prednisoloni, vile vidonge vidogo vya miligramu 5, hufyonzwa karibu vyote na kusambaa mwili mzima. Budesonidi, steroidi ya pili, imeundwa kwa hesabu nyingine. Chembechembe zake zimefunikwa kwa ganda linaloyeyuka mwishoni mwa utumbo mwembamba, ndiyo maana haitafunwi wala kusagwa. Ikishaugusa ukuta huingia kwenye damu, na karibu damu yote ya utumbo hupita kwanza kwenye ini. Hapo takribani asilimia 90 huvunjwavunjwa. Fikiria mfereji wa Meru unaonywesha shamba la kwanza, kisha maji yakafungwa yasiendelee bondeni. Kwa hiyo anayezipanga dawa hizi kwa ukali tu amekosea swali. La kuuliza ni dawa inafia wapi.

Matokeo yanaunga mkono hesabu hiyo. Utafiti wa Minnesota, Marekani, uliotolewa 2013, ulikuta budesonidi imemaliza kuhara kwa wagonjwa zaidi ya 8 kati ya 10, na prednisoni, pacha wa prednisoloni, kwa takribani nusu. Mwongozo wa Wamarekani wa 2016 uliitanguliza budesonidi, miligramu 9 kwa siku kwa wiki kama nane, na kuiachia prednisoloni nafasi pale tu budesonidi isipowezekana. Hata hivyo, zaidi ya nusu ya wagonjwa hurudiwa na ugonjwa wakiacha dawa, na baadhi hubaki kwenye dozi ndogo kwa muda mrefu.

Kwetu Tanzania, "isipowezekana" si neno la pembeni. Prednisoloni iko karibu kila mahali na bei yake ni nafuu. Budesonidi ya utumbo huagizwa, nayo ni ghali. Budesonidi ya pumu, ile ya kuvuta, haiwezi kuchukua nafasi yake, kwa kuwa haifiki utumboni kwa kiasi cha kutibu.

Na ini lenyewe linaweza kuzuiwa. Ritonavir, inayotumiwa na baadhi ya walio kwenye ARV, hufunga kimeng'enya kinachoivunja budesonidi. Dawa iliyotakiwa kufia njiani inafika mwilini, na uso unavimba kama wa aliyemeza prednisoloni miezi mingi. Juisi ya balungi nayo huongeza kiwango chake.

Kuna pia minyoo ya strongiloidi, iliyopo nchini, inayoweza kukaa mwilini miaka bila dalili. Kinga ikishushwa na steroidi, hasa prednisoloni, huzaliana na kusambaa hadi mapafuni, na huweza kuua. Albendazo ya dozi moja haiaminiki kuimaliza. Dawa yake ni ivamektini. Kifua kikuu kilicholala nacho kiulizwe kabla ya kidonge cha kwanza.

Kuhara maji kukipita wiki nne, nenda hospitali ya rufaa, Mount Meru au KCMC Moshi, na uombe kinyama kipimwe hata kama kamera haikuona kitu. Prednisoloni usijinunulie, na ukiwa umeshaitumia wiki kadhaa usiiache ghafla: tezi zako zitakuwa zimelala, na kuziamsha kunahitaji dozi ipunguzwe kidogo kidogo chini ya daktari.