MOTO UNAOPANDA KATIKA KIOO CHA KOMPYUTA

Wanafunzi wengi huniuliza katika kipindi cha hesabu: baki ina faida gani? Mtu akigawanya 117 kwa 4 hupata 29, ikabaki 1. Hiyo 1 yaenda wapi? Leo nataka kuwaonyesheni kazi moja ambayo ndani yake baki hutupwa mamilioni ya mara, na kule kutupwa kwake kunasaidia kuzima moto. Moto wenyewe si wa kuni. Ni ule unaowaka katika kioo cha kompyuta, unaopanda, kuyumba na kufifia kama wa jikoni, wala hapana mtu aliyeuchora.

Kwanza yafaa tujue ulikotoka. Mwaka 1987 kampuni ya IBM ya Marekani ilitoa kompyuta zilizoitwa PS/2, zenye mtambo mpya wa picha, jina lake VGA. Mtambo huo ulikuwa na namna kadhaa za kuonyesha picha, na moja ilipendwa mno na vijana. Kwa namna hiyo kioo kilikuwa na nukta 320 kwa upana na safu 200 tangu juu hata chini, na kila nukta ilishika namba moja tu, kuanzia 0 mpaka 255. Zidisha 320 kwa 200, utapata 64,000. Basi picha nzima ilikuwa namba 64,000 zilizopangwa mfululizo katika kumbukumbu ya mashine. Kompyuta za aina hiyo, zilipoendeshwa kwa mtindo wa zamani, zilifikia kumbukumbu kwa mafungu ya nafasi 65,536. Kwa hiyo picha yote iliingia katika fungu moja, na nafasi kidogo ikasalia. Kijana aliyetaka kubadili rangi ya nukta aliandika namba mahali pake, basi, kazi imekwisha.

Huko Ulaya vijana walijiunga katika vikundi wakatunga programu zilizoitwa demo. Hazikuwa za kuuzwa, wala hazikufanya kazi ya ofisi. Zilionyesha picha na kupiga muziki tu, ili watu waone ni nani aliyeweza kuitumikisha mashine kuliko wenzake. Mwaka 1993 kikundi cha Future Crew cha Ufini kilishinda katika mashindano ya Assembly kwa demo yao iitwayo Second Reality. Mzazi anayemwona mwanawe ameinama mbele ya kompyuta akidhani anapoteza wakati, huenda akapenda kujua kwamba mwaka 2020 nchi ya Ufini iliitia sanaa hiyo katika orodha yake ya urithi hai wa taifa. Na moto huu ninaousema lilikuwa mojawapo ya mazoezi waliyoyapenda sana vijana wa namna hiyo.

Sasa tuingie kazini. Siri ya kwanza ni kwamba namba ya kila nukta tunaihesabu kuwa ni joto lake. Kisha tunaipa mashine orodha ya rangi: 0 iwe nyeusi, kutoka 0 mpaka 63 wekundu uongezeke, kutoka 64 mpaka 127 uongezwe ukijani, nao wekundu ukichanganyika na ukijani katika mwanga hutoa manjano, kutoka 128 mpaka 191 uongezwe ubuluu, rangi ielekee weupe, na kutoka hapo mpaka 255 iwe nyeupe kabisa. Ndivyo yalivyo makaa: meupe yaliyo moto zaidi, kisha manjano, kisha mekundu, kisha giza.

Siri ya pili ni kanuni ya kupandisha joto. Chukua nukta yo yote. Tazama nukta tatu zilizo katika safu ya chini yake: ya kushoto, ya katikati na ya kulia. Ile ya katikati ihesabu mara mbili. Jumlisha, gawanya kwa 4, tupa baki, kisha toa 1. Jibu ndilo joto jipya la nukta yako. Likipungua chini ya 0, liandike 0.

Msiniamini kwa maneno matupu. Chukueni daftari la hesabu lenye miraba, mwandike safu hii chini kabisa, nayo ndiyo kuni zetu:

21, 60, 5, 47, 58, 13, 0

Nje ya kingo zote mbili tunasema ni 0. Mraba wa tatu wa safu ya pili utakuwa hivi: 60, na 5 mara mbili, na 47, jumla 117. Gawanya kwa 4 upate 29, tupa baki, toa 1, ipo 28. Ukiendelea hivyo kwa miraba yote utapata:

24, 35, 28, 38, 43, 20, 2

Na juu yake safu ya tatu:

19, 29, 31, 35, 35, 20, 5

Tazameni lililotokea. Ile 5 ya chini, iliyokuwa kama shimo baina ya 60 na 47, imezibwa na majirani zake. Jumla ya safu ya kwanza ni 204, ya pili 190, ya tatu 174. Joto linapanda huku linapoa na kutandaa. Endeleeni safu nyingine mbili tatu mtaona umbo la ulimi wa moto likijitokeza lenyewe katika namba, kabla ya kutia rangi yo yote.

Katika kompyuta kuni hutiwa upya kwa kila picha: kila nukta ya safu ya chini kabisa hupewa 0 au 255 kwa bahati nasibu, kama mtu arushaye sarafu. Kwa sababu kuni hazifanani mara mbili, moto nao haufanani mara mbili.

Hapa sina budi kukiri kosa langu mwenyewe, maana naona wengi hulirudia. Nilipoandika programu hii mara ya kwanza nilianza hesabu kutoka safu za chini kwenda juu, nikidhani kwa kuwa moto hupanda, basi nami nipande nao. Nilipoiendesha, kioo chote kilimetameta kama taa mbovu, wala hapakuwa na ulimi hata mmoja uliopanda. Nilikagua jumla, nikakagua mgao, vyote vilikuwa sawa. Kwa siku mbili nilichafua karatasi bure. Kosa lilikuwa katika mpango wa kazi. Nikianza chini, safu ya pili inasoma kuni za sasa. Ya tatu inasoma ya pili iliyokwisha kubadilika sasa hivi. Na kadhalika hata juu. Basi kioo kizima kinatokana na kuni za picha hiyo moja, na picha ifuatayo inafuta yote. Nikianza juu nikishuka, kila safu inasoma ile ya chini yake ambayo bado ina joto la picha iliyopita. Hivyo joto hupanda safu moja tu kwa kila picha, na jicho huona mwendo. Moto unapanda kwa sababu hesabu inashuka! Nikageuza mstari mmoja wa programu, moto ukawaka.

Turudi kwa baki yetu. Kuni za 0 na 255 zina wastani wa 127 na nusu. Tukigawanya kwa 4, baki huwa 0, 1, 2 au 3, nazo hutokea karibu sawa. Maana yake kila mara tunatupa kitu, robo, nusu au robo tatu, na wastani wake ni thumni tatu. Tukiongeza ile 1 tunayoitoa, kila safu inapoteza 1 na thumni tatu. Gawanya 127 na nusu kwa kiasi hicho: ni safu 93 hivi. Kwa makadirio, moto utafika karibu na nusu ya kioo, na hapo ndipo panapopendeza. Tukiacha kutoa 1, tukategemea baki peke yake, tungehitaji safu 340, na kioo kina 200 tu. Moto ungegonga dari. Na kama tungeihifadhi kila sehemu wala tusitoe 1, ungepoa kwenye kingo tu, na katikati ungebaki ukungu wa manjano usiokwisha.

Vijana wa zamani walikuwa na shida nyingine. Kila picha ina nukta 63,680 za kuhesabiwa, yaani zote ila safu ya kuni. VGA ilichora kioo mara 70 kwa sekunde, basi ili kwenda nayo sambamba ilitakiwa migao 4,457,600 kwa sekunde, na mashine za miaka ile zilikuwa nzito katika kugawanya. Waliponea katika namba za mbili mbili. Sisi tukigawanya 4,570 kwa 100 bila kujali baki twatupa tarakimu mbili za mwisho, twapata 45. Mashine nayo, ikitaka kugawanya kwa 4, hutupa tarakimu mbili za mwisho za namba yake. Kwa hesabu ya mashine 117 huandikwa 1110101. Tupa mbili za mwisho, imebaki 11101, nayo ni 29. Ile 01 iliyotupwa ndiyo baki 1.

Kompyuta za leo hazioni taabu kwa kazi hii. Mtu anaweza kuiandika kwa lugha ya JavaScript katika faili la maandishi na kulifungua kwa kivinjari, bila hata intaneti. Kanuni ya moto haizidi mistari kumi. Kazi kubwa ni orodha ya rangi, na hiyo mtailaani kidogo. Mwenye kutaka upepo asisome nukta zilizo chini yake barabara, bali asogeze zote tatu hatua moja kulia. Moto utalalia kushoto. Jaribuni kwanza katika daftari mwone sababu yake.

Wasio na kompyuta waandike safu ya nne ya mfano wetu bila upepo. Jibu la kujipimia ni 15, 26, 30, 33, 30, 19, 6.