Usukani Unaosukuma: Somo la Kibanda cha Gemu

Huenda ukashangaa kukuta makala ya gemu katika jarida la Chama cha Kiswahili, mahali ulipozoea ngeli na mashairi. Usinihukumu upesi. Jambo hili lilimgharimu kaka yangu shilingi elfu kumi na mbili, na tulipotaka kulieleza nyumbani tukakuta hata maneno yake hatuna. Basi keti tusemezane.

Kaka ana kibanda cha gemu pale Kangemi, hatua chache tu kutoka stendi. Mle ndani mna runinga mbili, PS4 mbili, mabenchi na kelele. Wateja wengi huja kucheza kandanda, lakini tupo wachache wenye wazimu wa magari. Mwaka wa 2021 Safari Rally iliporudi katika mashindano ya ubingwa wa dunia (mara ya mwisho ilikuwa 2002), tulitazama kwenye runinga magari yakiagwa KICC ili yaelekee Naivasha. Ajabu ni kwamba sisi tulikuwa tumekwisha kuendesha huko! Gemu iitwayo WRC 9 ilitoka Septemba 2020 ikiwa na Kenya ndani yake, maana mbio za mwaka huo zilikuwa kwenye kalenda kabla ya korona kuzifuta.

Lakini tuliendesha kwa pedi. Pedi, jamani, hutetemeka tu. Ugonge jiwe, uache barabara, jibu lake ni lile lile: drrrr! Ndiyo maana kaka akaweka akiba miezi saba anunue usukani.

Sasa, usukani huu una nini? Wauzaji mjini husema una "fosi fidibaki". Mimi nimeamua kuuita msukumo wa kurudi, na mwenye neno bora aje tushindane chamani. Fikiria gari la kweli. Linapokata kona, barabara huyavuta matairi ya mbele yanyooke, na mvuto huo hupanda hadi mikononi mwa dereva kama uzito. Katika gemu hakuna barabara, kuna hesabu tu. Usukani huipasha gemu habari ya pembe uliyokata. Gemu hupiga hesabu ya nguvu ambayo matairi yangeirudisha, kisha huituma kwa mota iliyofichwa nyuma ya usukani. Mota ndiyo inayokusukuma. Kazi hii hurudiwa mara nyingi sana katika sekunde moja, hata mkono ukaamini kuna lami pale chini.

Usichanganye na zile sukani za bei nafuu zenye springi au mpira ndani. Hizo nazo hurudi katikati ukiziachia, lakini hurudi vilevile uwe kwenye lami, matope au hewani. Springi haijui lolote kuhusu barabara.

Tuliteremka mjini siku ya Jumamosi, tukazunguka Luthuli Avenue na vichochoro vyake mpaka miguu ikauma. Katika duka moja tukaonyeshwa usukani uliokwisha kutumika, wa ngozi, na pedali tatu za chuma. Muuzaji alipouchomeka ukazunguka wenyewe kushoto, ukazunguka kulia, ukatulia katikati. Kaka akanikonyeza. Mota ipo! Pesa zikatoka.

Kibandani ulizunguka vivyo hivyo, vijana wakapiga makofi. Kisha PS4 ikanyamaza kimya. Tukabadilisha waya, tukaizima na kuiwasha, tukaomba Mungu. Wapi! Fundi wa jirani aliugeuza mara moja tu akasema, "Huu ni wa PS3, vijana."

Kumbe! Ukitaka kuingia jumba la ofisi katikati ya jiji, askari wa langoni hukuomba kitambulisho. Uvae suti uvavyo, bila kitambulisho utabaki nje. PS4 na Xbox One hufanya hivyo hivyo: hupokea vifaa vyenye kibali cha kampuni ya konsoli yenyewe. Chukua mfano wa Logitech. G27 ilikuwa ya zama za PS2 na PS3. PS4 ilipokuja 2013 haikupewa nafasi. Mwaka wa 2015 zikatoka pacha wawili, G29 ya PlayStation na G920 ya Xbox One. Zinafanana kama maharagwe, zote huzunguka nyuzi 900, yaani mara mbili na nusu, lakini ukizibadilishana konsoli hazisemi neno. Hata G29 ina kiswichi kidogo cha kuchagua PS3 au PS4. Kikikaa upande usiofaa, utalia bure. Na hata ukishapita langoni, gemu yenyewe lazima iwe imeandikwa kutuma huo msukumo.

Hatukuuliza swali hata moja, na duka halikurudisha pesa. Bahati yetu, kijana mmoja wa Uthiru alikuwa na PS3 na Gran Turismo 6. Akakubali kuuchukua usukani na kuulipa polepole, nasi tuwe tunakuja kucheza.

Huko ndiko tulikomleta Mjomba, dereva wa matatu kwa miaka mingi katika Waiyaki Way. Alimkuta kaka amepandisha nguvu ya mota hadi mwisho, eti ajionyeshe. Mota nayo ina kikomo, msomaji. Ukiipandisha hivyo, shimo na kokoto huja kwa nguvu moja, kama mtu anayepayuka kila neno. Tukaishusha.

Kaka aliingia kona kwa kasi. Gari likakataa kugeuka, naye akazidi kukata usukani hadi likaingia nyasini. Mara tatu.

"Hukuhisi ulivyolegea?" Mjomba akauliza.

"Nilihisi, Mjomba. Nikadhani sasa umekuwa rahisi."

Mjomba hakucheka. Kaka alikuwa amejiandikisha kujifunza udereva, tena msimu wa mvua ulikuwa unakaribia.

"Ukilegea hivyo ujue matairi ya mbele yameacha kushika barabara. Kule kwetu kwenye mvua ya kwanza, hapo ndipo watu hufa. Wewe unaongeza kukata! Toa mguu kwenye mafuta, rudisha kidogo, ungoje uzito."

Akaketi mwenyewe, mikono yake mikubwa ikiufunika usukani. Kona ile ile. Tuliona vidole vyake vikifunguka kidogo, gari likateleza kidogo, kisha mabega yake yakakaza. "Umerudi," akasema, akampisha kaka. "Haya, zamu yako."