Utengamao wa Mtoto wa Mbwa Aliyeumia Kichwa

Mtoto wa mbwa aliyegongwa na bodaboda au kupigwa jiwe kichwani mara nyingi huhesabiwa kuwa amekwisha pindi anaposhindwa kusimama. Wapo wanaomtupa, na wapo wanaomlazimisha kutembea siku hiyo hiyo. Njia zote mbili humnyima nafasi ya kupona. Ubongo wa mnyama mchanga una uwezo mkubwa wa kujifunza upya, nao hujifunza kwa kurudia jambo dogo kila siku. Hiyo ndiyo kazi ya utengamao: kuurudishia mwili uwezo wake kwa mazoezi ya hatua kwa hatua.

Tahadhari ya kwanza

Kuyumba, kudondosha mate na kubadilika tabia ni dalili za kichaa cha mbwa pia. Ikiwa hakuna aliyeshuhudia ajali, mnyama asishikwe. Aitwe Ofisa Mifugo wa kata. Mtu aliyeng'atwa au kukwaruzwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Dalili za ugonjwa huo zikishajitokeza kwa binadamu, ni nadra sana kuokoka.

Saa za mwanzo

Majeruhi abebwe juu ya ubao, shingo isipindike wala kufungwa kamba. Upande wa kichwa wa ubao huo uinuliwe kidogo. Asinyweshwe wala kulishwa kabla ya kuthibitika kuwa anameza vizuri. Dawa za maumivu za binadamu, kama parasetamoli, zinaweza kumdhuru vibaya. Mazoezi yasianze mpaka daktari wa mifugo aridhike kuwa hali yake imetulia.

Hatua nne za mazoezi

1. Kugeuzwa. Asiyeweza kujigeuza abadilishwe ubavu kila baada ya saa 2 hadi 4, juu ya malazi laini na makavu, ili asipate vidonda vya kulalia.

2. Kunyoosha viungo. Akiwa amelala ubavu, kila kiungo cha mguu kikunjwe na kunyooshwa polepole mara 10, kuanzia vidole kuelekea juu, mara 2 au 3 kwa siku. Anapokaza mguu au kulia, mkono ukomee hapo.

3. Kusimama. Kanga iliyokunjwa ipitishwe chini ya tumbo, ibebe sehemu ya uzito wake, nyayo zikiwa bapa juu ya gunia au mkeka usioteleza. Sekunde chache zatosha mwanzoni.

4. Kutembea. Aanze kwa hatua chache za mstari ulionyooka, kisha azunguke, na baadaye avuke kijiti kilicholazwa chini. Kanga isiondolewe kabla hajaweza kujimudu.

Kila kipindi kisizidi dakika 5 mwanzoni, kwa kuwa ubongo uliojeruhiwa huchoka upesi. Vipindi vifupi vinavyorudiwa vyafaa kuliko kimoja kirefu.

Dalili za kusimamisha mazoezi

Akitapika, akipatwa na degedege, akilala usingizi usio wa kawaida, au mboni moja ya jicho ikiwa kubwa kuliko nyingine, mazoezi yakome na daktari aarifiwe mara moja.

Matarajio

Nafuu huweza kuchukua wiki kadhaa, pengine miezi. Baadhi hubaki na kichwa kilichoinama upande au mwendo wa kuyumba, na bado huishi vyema. Daftari la kila siku, lenye kuonyesha alisimama kwa muda gani na kupiga hatua ngapi, humsaidia daktari kuona maendeleo ambayo jicho la nyumbani halioni. Pale mateso yanapozidi bila dalili ya nafuu, uamuzi wa kumpumzisha ufanywe pamoja na daktari, kwani Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama.

Wakazi wanakumbushwa kuwa mtoto wa mbwa anapofikisha miezi 3 anapaswa kuchanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa. Aliye katika matibabu apelekwe pia, ili daktari aamue siku inayofaa.