Meza ya Useremala ya Kukunjwa: Isukumwe Kabla ya Kununuliwa

Lavington ya nyumba zenye ua mpana bado ipo, lakini ghorofa zinazidi kuongezeka, na mkazi anayependa useremala hujikuta na roshani ndogo, nafasi moja ya kuegesha gari, na majirani juu, chini na ubavuni. Karakana hana. Kazi yake ni ya Jumamosi: rafu ya vitabu, sanduku la viatu, kiti cha mtoto kilichovunjika mguu. Kwa kukosa meza, ubao huwekwa juu ya kiti cha plastiki, hubanwa kwa goti, kisha msumeno huanza kazi. Hapo ndipo vidole huumia. Ubao unaocheza huubana msumeno, na msumeno wa umeme ukibanwa ghafla unaweza kuruka nyuma kumwelekea aliyeushika.

Meza za kukunjwa zinazouzwa leo zilitokana na kosa la aina hiyo hiyo. Mwaka wa 1961 Ron Hickman, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyebuni magari ya Lotus nchini Uingereza, alikuwa akitengeneza kabati nyumbani kwake. Alitumia kiti kama meza ya kazi, akakikata kiti pamoja na ubao. Kutokana na hasara hiyo alibuni meza ya kukunjwa, ambayo kampuni kadhaa ziliikataa kabla ya Black & Decker kuanza kuitengeneza mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwa jina la Workmate.

Uso wa meza hiyo ni mbao mbili. Moja husogezwa kwa vishikio viwili vya kuzungusha, hivyo meza nzima huwa jiliwa, au vaisi kama mafundi wengi wanavyoiita. Kwa kuwa kila kishikio huzungushwa peke yake, hata kipande kilicho chembamba upande mmoja hubanwa vizuri. Chini kuna ubao wa kukanyagia. Mtu akiukanyaga, uzito wa mwili wake hujumlishwa na wa meza, na meza nyepesi hutulia. Meza nyingi za bei nafuu zimeiga uso huo na kuusahau ubao wa kukanyagia.

Mnunuzi asidanganywe na maandishi ya kwenye boksi kwamba meza hubeba kilo 150 au 200. Huo ni mzigo unaokandamiza kutoka juu, na seremala hakandamizi tu. Randa husukuma kwa ubavu, msumeno wa mkono huvuta na kusukuma, msasa hutikisa. Kwa hiyo dukani meza ifunguliwe kabisa, vifungo vyote vikazwe, kisha isukumwe kwa viganja kwenye ukingo, kwanza kwa urefu na baadaye kwa upana. Miguu ikiyumba huku uso ukienda na kurudi, meza hiyo itafaa kupaka rangi na kutoboa matundu, lakini randa itaishinda. Muuzaji asiyekubali boksi lifunguliwe amekwisha kujibu swali.

Jaribio la pili ni la kubana. Kipande cha ubao kitiwe kati ya mbao mbili za uso, kikazwe, kisha kivutwe juu kwa mkono. Kikitoka, meza hiyo si jiliwa.

Kimo nacho kina maana. Kwa kazi ya randa, uso ukikaribia kifundo cha mkono wa mtu aliyesimama wima mikono ikining'inia, mgongo haupati taabu. Kukata kwa msumeno wa mkono hutaka meza fupi zaidi, karibu na goti, ndiyo maana baadhi ya meza zina miguu ya kukunjwa mara mbili ili kupata vimo viwili. Mtu mrefu aipime kwa mwili wake. Kuongeza matofali chini ya miguu baadaye ni kurudisha ile hatari ya kiti.

Si lazima meza itoke dukani. Mafundi wa samani walio kando ya Ngong Road, au wale wa Kawangware jirani, wanaweza kuunda viegemeo viwili vya saipresi vyenye bawaba, na uso wa plaiwudi nene uliokatwa kutoka karatasi ya futi 8 kwa 4. Fundi aelezwe wazi kwamba kila kiegemeo kiwe na ubao wa mshazari unaofunga miguu. Bila huo, kitayumba. Rafu ya chini ikiwekewa mfuko wa mchanga, meza hupata uzito unaotolewa wakati wa kuibeba hadi kwenye lifti. Mnunuzi akumbuke kupima lifti yenyewe na mlango wa stoo.

Katika ghorofa, mtikisiko husafiri kupitia sakafu kuliko sauti inavyopita hewani. Kipande cha zulia kuukuu au mpira chini ya kila mguu hupunguza malalamiko, na pia huzuia meza kuteleza juu ya vigae. Kanuni za kitaifa za kudhibiti kelele za mwaka wa 2009 huanza kuhesabu usiku saa mbili jioni, na viwango vinavyoruhusiwa hushuka kuanzia hapo hadi asubuhi. Kazi ya msumeno wa umeme imalizike mapema.

Vumbi la mbao limeorodheshwa na taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani miongoni mwa visababishi vya saratani, kwa hiyo barakoa na miwani vivaliwe hata kwa kazi ya dakika kumi, na roshani iloweshwe kidogo kabla ya kufagiwa. Vumbi la mbao tupu huweza kupewa mfugaji wa kuku kwa ajili ya matandiko, mradi mbao hizo hazikutiwa dawa. Lile la MDF au plaiwudi lina gundi: lifungwe kwenye mfuko pamoja na taka, na lisichomwe jikoni.