FYUZI YA MOTOKAA HULINDA NINI?

Sisi tukaao Nzega twaona malori mengi. Barabara itokayo Singida hukutana hapa na ile itokayo Tabora, na madereva waendao Rwanda na Burundi hupumzika kwetu. Zamani wapagazi wa misafara walipita nchi hii ya Unyamwezi na mizigo kichwani; dereva wa leo hupita na redio, friji ndogo, taa za ziada na chaja za simu, vyote vikinywa umeme wa betri.

Mwaka jana nilimwona dereva mmoja ambaye fyuzi ya redio yake iliungua mara mbili. Mara ya tatu alikunja karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, akaichomeka mahali pa fyuzi. Redio ikaimba. Alipofunga mlango kwa nguvu, moshi ukatoka chini ya dashibodi, akakimbia kuchomoa waya wa betri. Waya wa redio ulikuwa umechubuka na kugusa bodi. Akaniambia, "Mwalimu, fyuzi si ya kulinda redio? Mbona redio ni nzima?"

Wengi hudhani hivyo. Kazi ya kwanza ya fyuzi ni kulinda waya. Ndani yake mna kipande chembamba cha madini, nacho huyeyuka kabla waya haujapata moto wa kuunguza mpira wake. Kwa hiyo ukubwa wa fyuzi hufuata unene wa waya.

Hebu tufanye hesabu. Gawa wati kwa volti, utapata ampea. Chaja ya wati 24 katika gari la volti 12 huvuta ampea 2 tu. Lakini mtu akichomeka mashine ya kugeuza umeme iwashe televisheni, nayo ikavuta wati 300, hizo ni ampea 25. Fyuzi ya soketi ikiwa ni ya ampea 15, ile ya buluu, itakatika. Akitia ya kijani, ya ampea 30, televisheni itawaka, lakini waya ni ule ule. Joto la waya hukua kwa mraba wa ampea: ampea zikizidi mara mbili, joto huzidi mara nne. Yafaa avute waya mwingine mnene kutoka betri, na fyuzi yake iwe karibu sana na betri, kwa sababu kipande cha waya kilicho kati ya betri na fyuzi hakina mlinzi.

Malori makubwa aghalabu yana volti 24, yaani betri mbili zilizofuatana. Redio ya volti 12 ikifungwa humo moja kwa moja yaweza kufa hata fyuzi ikiwapo. Wengine huchukua umeme kwenye betri moja tu. Ni ujanja mbaya: hiyo moja hudhoofika, na mwenzake hushindiliwa umeme kupita kiasi.

Zoezi kwa kidato cha tatu: friji ya wati 60 katika gari la volti 12 huvuta ampea ngapi? Betri ya ampea-saa 60 ingeiendesha saa ngapi hadi kwisha kabisa? Na kwa nini dereva atashindwa kuwasha injini mapema kuliko saa hizo?