Upawa Mmoja, Bakuli Mia Nne: Jinsi ya Kuendesha Jiko la Gereza

Askari akipangiwa jikoni wenzake humcheka. Wanaona amepewa kazi ya kunenepa. Nami nilichekwa, maana nilitoka lindo la mnarani moja kwa moja hadi kwenye masufuria, na wakati huo sikujua hata ugali wa watu watano unatiliwa maji kiasi gani. Lakini mnarani sikuwahi kuona mtu akijaribu kuruka ukuta. Jikoni nimeona wanaume wazima, wenye watoto nyumbani, wakishikana mashati kwa ajili ya kipande cha ukoko.

Kwa hiyo wewe unayeanza, usianze kwa kuuliza chumvi inakaa wapi. Uliza upawa. Kusanya pawa zote zilizomo jikoni, chukua chupa ya maji ya nusu lita, jaza upawa mmoja mmoja uone unabeba kiasi gani. Jiko langu la kwanza nilikuta pawa tatu ambazo kwa mbali zinafanana. Mmoja ulibeba karibu nusu lita, wa pili robo, wa tatu ulikuwa umebonyea tumboni ukabeba pungufu ya robo. Sisi maafande tulidhani ni pawa tu. Wafungwa walikuwa wamezipa majina. Mgawaji alibadilisha upawa kufuatana na aliyesimama mbele yake, mchana kweupe, na hakuna aliyeng'amua kwa kuwa hakuna aliyewahi kuzipima. Nikabakiza mmoja, nyingine nikazirudisha stoo zikaandikwa kwenye leja.

Upawa ukishakuwa mmoja bado hujamaliza, kwa sababu maharage hukaa chini. Ukichota juujuu, watu hamsini wa kwanza wanakunywa mchuzi na wa mwisho wanakula maharage matupu. Baada ya wiki mbili utaona kioja: foleni haina mbele. Kila mtu kandambili imemkatikia, kila mtu amesahau kitu selo. Mgawaji na akoroge mpaka chini kila baada ya bakuli kumi, na wewe uliyesimama pembeni usikie upawa ukigonga kitako cha sufuria. Usiposikia, hajakoroga.

Ugali usiugawe kwa jicho. Tafuta bakuli moja gumu, lichovye kwenye maji, shindilia ugali, kata usawa wa mdomo kwa kijiti, geuza kwenye sahani. Kisha kila siku okota sahani tano bila kuchagua, uziweke kwenye mizani, na mizani iwe pale wanapopanga foleni, si ofisini. Mfungwa aliyeona mshale wa mizani kwa macho yake hana haja ya kumsikiliza anayenong'ona selo usiku kwamba jikoni kuna wizi.

Jambo jingine nililolifanya lilichekesha kidogo. Nilitundika gunia kwenye dirisha la kugawia, likashuka mpaka usawa wa kifua, mgawaji asione sura ya mtu bali bakuli na mikono inayolishika. Mkubwa wangu akaniuliza kama nimefungua sinema. Ndani ya mwezi mmoja malalamiko ya upendeleo yalipungua hata yeye akaacha kuuliza. Gunia lile lilikuja kunisaidia kwa jambo jingine, nitalifikia.

Na upawa usiwe fimbo. Mfungwa anaweza kukutukana asubuhi mpaka ukaona giza, lakini mchana bakuli lake lijae kama la mwenzake. Kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 2015, zinazoitwa Kanuni za Mandela, zinakataza kumpunguzia mfungwa chakula au maji ya kunywa kama adhabu. Jina hilo halikuwekwa kwa mapambo. Kule Robben Island, alikofungwa Mandela, chakula kiligawiwa kwa rangi ya ngozi: Wahindi na machotara walipewa mkate, Waafrika hawakupewa, na sukari yao nayo ilikuwa pungufu. Mandela na wenzake walidai sahani iliyo sawa kwa miaka mingi.

Sasa hesabu. Kila asubuhi, kabla hujafungua stoo, pata idadi kamili ya waliomo, kwa maandishi. Usipokee idadi ya mdomo, wala usitumie ya jana. Kuna waliokwenda mahakamani, kuna mahabusu walioingia usiku. Tuseme ni 420. Kiasi cha kila mtu utakikuta kwenye jedwali la chakula la gereza lako, lakini kwa mfano tuchukue gramu 250 za unga kwa mlo na gramu 100 za maharage makavu. Unga ni kilo 105, maharage kilo 42. Maji ya ugali ni karibu mara mbili ya uzito wa unga, yaani lita 210. Usijaribu kusonga vyote hivyo kwa mpigo. Gawa sufuria nne, kila moja kilo 26 na ushee, watu wawili kwa kila sufuria, kila mmoja na mwiko wa urefu wa kasia. Huyu anasukuma, yule anavuta. Anza na uji mwepesi mpaka uchemke sawasawa, ndipo uongeze unga kidogo kidogo. Kijana mwenye haraka akimwaga gunia zima, atapata madonge yenye unga mbichi katikati, na jioni zahanati itajaa watu walioshika matumbo.

Maharage yalowekwe tangu usiku, maji ya kulowekea yamwagwe, na yakishapanda jikoni yatokote kwa nguvu dakika kumi kamili kabla hujapunguza moto. Maharage mekundu yana sumu ya asili inayokufa kwa mtokoto mkali tu. Moto wa kunyatia hauiui. Yaliyokaa ghalani muda mrefu kwenye joto hayaivi haraka hata uyabembeleze. Wapishi wengi hapo hukimbilia magadi. Mimi sitii. Magadi hulainisha, ni kweli, ila huua vitamini B1, na mtu ambaye chakula chake kizima kinatoka kwenye sufuria moja hana pengine pa kuifidia. Bora niamke saa tisa usiku.

Pika kwa hesabu ili chakula kisibaki. Sufuria ya lita mia ya maharage haipoi kama ya nyumbani kwako. Saa nne usiku bado ni vuguvugu, na uvuguvugu huo ndio wanaoupenda vijidudu ambavyo mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa. Kuna siku hesabu ya wafungwa haitimii, milango inafungwa, chakula kinasubiri saa mbili. Siku hiyo usizime moto. Kikae juu ya nyuzi joto 60 mpaka watu watoke.

Mahali pa kukaa na kutafakari ni kwenye mahindi. Siku gari linaposhusha magunia, usisaini chochote kabla ya kufanya hivi: chukua chupa kavu ya kioo, tia mahindi mpaka theluthi, ongeza chumvi iliyokaushwa vijiko viwili, funga, tikisa kwa dakika moja au mbili, acha itulie. Chumvi ikigandia kwenye kioo, mahindi yana maji, yarudi yalikotoka. Ikianguka chini yote, yapokee. Mzabuni atanuna. Acha anune. Mahindi mabichi huota ukungu, na ukungu huleta sumukuvu, sumu ambayo huioni, huinusi, na hata ukipika ugali mpaka uungue haitoki. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya waliugua watu 317 na 125 wakafa. Mwaka 2016 ikawa kwetu, Dodoma na Manyara. Hao walikuwa watu huru, wenye uwezo wa kuacha gunia moja na kununua jingine.

Gereza lina kitu ambacho hoteli haina: mikono. Weka watu ishirini chini ya mti na ungo, wapepete na kuchambua punje kwa punje, watoe zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu, zilizobadilika rangi. Sumukuvu imejaa zaidi kwenye hizo. Kazi hiyo ina umuhimu wa pekee kwa sababu tunakula dona. Sembe imevuliwa ganda, na sehemu kubwa ya sumu, kama ipo, imetoka nalo. Imetoka pia na vitamini. Dona linabaki na yote mawili. Kwa hiyo dona la mahindi machafu ni baya kuliko sembe, na dona la mahindi yaliyochambuliwa ni bora kuliko sembe. Ukisikia mtu anabishana dona na sembe bila kuuliza mahindi yalikuwaje, hajawahi kupokea magunia.

Lakini hata dona safi peke yake halitoshi. Mwaka 1915, kwenye shamba la gereza la Rankin huko Mississippi, Marekani, daktari Joseph Goldberger aliwalisha wafungwa waliojitolea chakula cha mahindi na wanga mwingine, pasipo maziwa, kunde wala nyama ya maana. Ahadi ilikuwa msamaha wa gavana. Ndani ya miezi michache, sita kati ya 11 walikuwa na pelagra, ugonjwa ambao ngozi ya mikono huwa nyeusi na kuchubuka kama iliyounguzwa na jua, tumbo huharisha, akili huyumba. Ugonjwa huo watu walidhani unaambukiza. Kumbe ulikuwa kwenye sahani. Mwaka 1990 wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi walikosa mgao wa karanga, na zaidi ya 18,000 wakaugua.

Hapo ndipo gunia langu la dirishani liliponifaa. Mgawaji haoni sura, lakini mimi nilianza kuona mikono, bakuli baada ya bakuli, jozi mia nne za mikono kila mchana. Nikaona jozi moja ambayo migongo yake ilikuwa na magamba, na mpaka wa weusi ukiishia sawasawa pale mkono wa shati unapoanzia. Nilimpeleka kwa mganga wa gereza siku hiyohiyo. Alikuwa mzee asiye na meno, akinywa mchuzi tu na kuwapa wenzake maharage, kwa aibu ya kuomba yapondwe. Tangu hapo kwangu kila siku kulikuwa na sufuria ndogo ya maharage yaliyopondwa. Karanga za kusaga zikipatikana, zitie kwenye mboga, dagaa vilevile. Nawe jifunze kusoma mikono.

Kuhusu moto, mambo yamebadilika. Serikali iliweka Januari 31, 2024 kuwa mwisho wa kuni na mkaa kwa taasisi zinazolisha watu zaidi ya mia kwa siku, na magereza yakaingia kwenye gesi na makaa mbadala. Mapafu yalishukuru. Ila mpishi aliyezoea kuni ataunguza ugali wa wiki nzima ya kwanza, kwa sababu gesi hupiga mahali pamoja. Sufuria iwe na kitako kinene, na unga ukishaingia, moto uteremshwe mpaka chini kabisa. Mtungi ukae nje ya jiko, kwenye kizimba chenye kufuli, ufunguo mfukoni mwako.

Wapishi uwachague kwa afya na tabia, upishi utawafundisha. Wapimwe kabla na warudiwe kupimwa, anayeharisha akae pembeni bila kunyang'anywa nafasi yake, la sivyo ataficha. Usimpe upawa mbabe wa selo hata akipika kama bibi yako. Visu vichorwe ukutani kwa rangi, kila kisu juu ya kivuli chake, ili mlangoni tu uone pengo. Hamira na sukari zikae stoo pamoja na pilipili, zitoke kwa gramu; sihitaji kukueleza kinachopikwa kwenye galoni lililofichwa nyuma ya jiko lenye joto. Orodha ya watakaofunga Ramadhani uwe nayo kabla mwezi haujaandama, futari yao uipike baada ya alasiri, si kuwawekea kiporo cha mchana.

Ukoko je? Nilijaribu kuutupa, ikawa vita. Nilijaribu kuwapa wapishi, ikawa vita kubwa zaidi. Mwishowe nilichora ubao kwa chaki, selo moja kila siku, kwa mzunguko, na nyapara wa selo husika akaja kuupokea mwenyewe mbele ya wenzake.

Mara ya mwisho nilipopita pale kusalimia, nikiwa mstaafu, walikuwa kwenye gesi na ukoko unatoka mwembamba kama karatasi. Ubao bado upo. Selo namba tano walikuwa wanadai Jumatano yao iliyorukwa, na afande mpya ameketi nao kwenye ndoo iliyopinduliwa, chaki mkononi, wanahesabu siku kurudi nyuma.