Umeme wa Jua: Paa la Nyumba au Konde Kubwa?

Ndugu Wanachama,

Msimu ukiisha na fedha ikiwa mkononi, wauzaji wa paneli za jua hubisha hodi. Wengi wenu mwatuuliza: ni rahisi zaidi kila mtu kuweka paneli juu ya paa lake, au kutandazwa konde moja kubwa kwa ajili ya wote? Na tuhesabu pamoja.

Kwanza, konde. Mwaka 2015 wataalamu wa Brattle walitoa hesabu ya Colorado, Marekani. Walilinganisha megawati 300 za konde na megawati 300 zilizogawanywa juu ya nyumba 60,000. Yuniti ya konde walikisia itagharimu senti 6.6 hadi 11.7 za dola. Ya paani, senti 12.3 hadi 19.3. Sababu ni kununua kwa jumla, kazi kufanywa mahali pamoja, na paneli za konde kuweza kulifuata jua. Paa hubaki lilivyojengwa.

Pili, njia. Twajua sote kwamba pishi ya karafuu mbichi mtini si bei ya kituoni. Baina yake pana mchumaji, mchambuaji, jamvi na mchukuzi. Umeme wa konde nao una nguzo na waya za kulipiwa. Basi mwenye nyumba alinganishe paa lake na bei ya mita yake, si na bei ya kondeni.

Tatu, giza. Pemba hupata umeme kwa waya wa baharini kutoka Tanga tangu 2010. Waya wa Unguja uliharibika Disemba 2009, na giza likadumu hadi Machi 2010. Paneli zilizoungwa na waya wa mji bila ya betri huzimika umeme wa mji ukikatika, ili zisimdhuru fundi aliyepo nguzoni. Betri ni gharama mbali.

Nne, jirani. Wenye mabati wakijitoa wote, nguzo zitabaki zataka matengenezo, na gharama itawaelemea walio chini ya makuti.

Rai yetu: umeme wa kisiwa utoke kwenye konde, lakini katika ardhi isiyo na mikarafuu. Paa lamfaa atumiaye umeme mwingi mchana, kama mwenye duka la friji au pampu. Kabla ya kutoa fedha, leteni bei ya muuzaji na risiti za umeme za miezi 12, tuzipitie pamoja.

Wassalaam,
Katibu